Jeni zinazoruka: kutoka punje za mahindi hadi saratani ya utumbo

Wiki iliyopita mama mmoja alitupigia simu kwenye kipindi cha afya. Mume wake ana saratani ya utumbo mpana. Havuti sigara, hanywi pombe, na kwao hakuna aliyewahi kuugua ugonjwa huo. Majirani wanasema karogwa. Shemeji anasema ni ugonjwa wa ukoo, binti zao wasichumbiwe. "Sasa umetoka wapi?" akauliza. Muda wa hewani ulituishia, tukaahidi kumjibu hapa.

Tuanzie shambani. Huenda umewahi kumenya hindi ukakuta punje zina madoa ya rangi. Mtafiti wa Marekani, Barbara McClintock, alichunguza mahindi kama hayo miaka ya 1940. Aligundua kwamba ndani ya seli kuna vipande vya vinasaba vinavyohama. Kipande kikitua ndani ya jeni ya rangi, rangi inazimika. Punje inapokua, katika baadhi ya seli kipande kinachomoka, rangi inarudi, na hilo ndilo doa unaloliona. Wenzake wengi walimtilia shaka. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1983, akiwa na miaka 81!

Vipande vya namna hiyo tunavyo hata sisi. Karibu nusu ya vinasaba vya binadamu vimetokana navyo. Aina moja, inayoitwa L1, ina nakala zipatazo 500,000, ila karibu zote ni mabaki yasiyoweza kwenda popote. Zenye uwezo wa kuruka ni kama 100 tu.

L1 haichomoki kama ile ya mahindi. Inatoa nakala yake, na nakala ndiyo inayochomekwa pengine. Chukua daftari la kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Mtu atoe fotokopi ya ukurasa mmoja, aubandike katikati ya kanuni za mkopo. Kanuni haisomeki tena.

Kwa kawaida seli huzinyamazisha L1 kwa alama za kikemikali. Katika saratani nyingi alama hizo zimepungua. Hata hivyo, nakala nyingi hutua pasipo na madhara. Hatari ni pale inapotua kwenye jeni inayozuia seli zisizaliane ovyo.

Mwaka 1992 watafiti waliripoti tukio la aina hiyo hasa. Katika uvimbe wa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, L1 ilikuwa imejichomeka ndani ya jeni ya APC, ambayo ni kama breki ya seli. Walipopima seli zake zisizo na saratani, nakala hiyo haikuwemo. Hakuzaliwa nayo. Ilichomekwa baadaye, ndani ya mwili wake mwenyewe, na kosa lililo kwenye seli za utumbo halimfikii mtoto.

Si kila saratani ya utumbo inaanza hivyo. Mara nyingi breki huharibiwa na makosa mengine yanayotokea seli zinapojigawa, na mara nyingine L1 huanza kuruka saratani ikiwa tayari imeshaanza. Zipo pia familia chache zinazorithi jeni yenye kasoro. Kwa hiyo mama, hatuwezi kukuambia ni lipi lililompata mzee. Lakini ugonjwa wake hauambukizi, na mabinti wana haki ya kuolewa kama wengine. Wao wakienda hospitali wamweleze daktari kwamba baba yao aliugua, ili awashauri lini waanze kupimwa.

Jambo moja katika simu ile lilituuma. Mzee aliona damu chooni kwa miezi minane, akadhani ni bawasiri, akawa ananunua dawa dukani. Ukiona damu kwenye choo, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unapungua uzito bila sababu, nenda kituo cha afya uchunguzwe. Mwambie mhudumu wazi kwamba ni damu. Wamezoea kusikia.