Dhana za Nafsi na Sonona ya Vijana

Upimaji wa kidato cha pili ukiwaangusha wanafunzi wawili wa Morotonga, mkoani Mara, waliokaa dawati moja na kufundishwa na mwalimu mmoja, mmoja atasema hesabu zilimshinda mwaka huu kwa kuwa alikosa vipindi vingi, na mwenziwe atakata shauri kwamba hana akili, hakupata kuwa nazo, na kwamba kazi na heshima ya watu navyo vitamponyoka vivyo hivyo. Sonona, maradhi ambayo wengi wetu huyaita “mawazo”, aghalabu humwandama huyu wa pili.

Tabibu Aaron Beck wa Marekani alibainisha katika miaka ya 1960 kwamba mwenye sonona huidhania vibaya nafsi yake, ulimwengu unaomzunguka na siku zijazo. Mwaka 1989 mwanasaikolojia Lyn Abramson na wenzake walieleza kwamba anayeona chanzo cha balaa kuwa cha kudumu, chenye kuenea katika kila jambo lake, yu karibu zaidi na kukata tamaa. Walakini dhana hiyo hungoja balaa lenyewe lifike ndipo idhuru, na ujana, hasa kwa wasichana, haukosi mabalaa.

Hapa nina neno kwa wanataaluma wenzangu. Katika Nyumba Salama ya Mugumu, mkoani Mara pia, iliyofunguliwa mwaka 2014, hupokewa wasichana waliokimbia ukeketaji, na si ajabu miongoni mwao awepo anayejihesabu mkosaji kwa kuwaaibisha wazazi. Dhiki ya msichana huyo si ya kuwaziwa, ni ya kweli, na kumwambia abadili fikira kabla hajahakikishiwa usalama, chakula na shule ni dhuluma ya pili. Akiisha kupata amani, ndipo asaidiwe kutenganisha tendo la kukimbia na hukumu anayoitoa juu ya nafsi yake.

Na msaada kwa vijana si lazima utoke kwa matabibu pekee: nchini Kenya, utafiti wa programu ya Shamiri uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba vikao vinne tu, vikiongozwa na vijana wasio matabibu, viliwapunguzia wanafunzi wa sekondari dalili za sonona.

Basi mwalimu na mzazi, acheni kumwambia mtoto “huna akili”. Mwambieni ni hesabu ipi hakuielewa. Na huzuni yake ikipita majuma mawili, akikosa usingizi na hamu ya chakula, au akitaja kufa hata mara moja, mpelekeni hospitali bila kuchelewa.