Gari la Kuvutia Maji Kishushe

Wengi wenu mwaijua Kishushe kwa chuma kinachochimbwa huko na kwa ndovu watokao Tsavo. Mimi naijua zaidi kwa mitungi mitupu. Kiangazi kikikaza, mjomba wangu hutuletea maji kwa trela lenye tangi la lita 2,000. Hesabu mwenyewe: lita moja ya maji ni kilo moja, basi hizo ni tani mbili, na bado hujapima trela lenyewe!

Likizo ya Agosti mwaka jana pikapu yake ya petroli ilishindwa. Mlimani ililia kama mbuzi aliyefungwa. Kwenye mteremko, trela likaisukuma mpaka mtaroni. Hakuna aliyeumia, lakini maji yote yalinywewa na mchanga, na nyanya alilala bila hata ya kupikia uji. Mjomba akauza ng'ombe, akaniambia, "Wewe usomaye fizikia, nichagulie gari."

Haya, dizeli au petroli? Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huibana hewa hadi ikawa moto sana, kisha mafuta yakinyunyizwa huwaka yenyewe. Faida kwa mwenye kuvuta ni kwamba nguvu zake huja mapema, injini ikizunguka polepole. Wauzaji hupenda kukutajia nguvu za farasi; waache wataje. Wewe uliza nguvu ya kuzungusha.

Tulibaki na magari mawili, yote makuukuu. Land Rover Defender ya 300Tdi, injini iliyotoka mwaka wa 1994, ina lita 2.5 tu, lakini ina taba, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Hufikisha nyutonimita 265 kwa mizunguko 1,800. Magurudumu yake yote manne huvuta wakati wote. Land Cruiser ya injini ya 1HZ ina lita 4.2, silinda sita, haina taba, na hutoa takriban nyutonimita 285. Zote mbili hazitegemei kompyuta, na zote zina gia ndogo za kupandia mlima.

Kwa karatasi, Land Rover hunywa mafuta kidogo. Mimi nilichagua Land Cruiser. Taba hutaka adabu: ukitoka mlimani na mzigo usizime injini papo hapo, iache ingurume kidogo ipoe. Namjua mjomba, akifika huzima na kuruka nje kusalimu watu!

Lakini gari si kitu bila trela zuri, na hapa ndipo tulipokosea zamani. Trela letu halikuwa na breki. La sasa lina breki zake: likianza kusukuma, kiungo hujibana na kuzivuta. Tangi nalo limetiwa kuta za ndani zenye matundu, kwa maana maji yaliyojaa nusu hukimbia mbele na nyuma na kulivuruga gari. Tena mzigo uelemee mbele kidogo. Ukielemea nyuma, trela hutikisa mkia.

Safari ya kwanza niliketi mbele. Kwenye mteremko ule ule mjomba aliingiza gia ndogo, akatoa mguu kwenye breki, akanitazama. Hatukusema neno mpaka chini. Nyanya alikuwa amekwisha panga mitungi tisa mlangoni.