Padre, Nyumbu na Maji ya Baraka

Ukitaja kubariki wanyama, wengi wetu huwaza mbwa wa Ulaya aliyevalishwa koti na kupakatwa kanisani. Tunacheka na kuliita jambo la watu walioshiba. Tungekuwa na haki ya kucheka kama desturi hii ingeanzia kwa mbwa wa kupakatwa.

Tarehe 17 Januari 1787 mwandishi wa Kijerumani, Goethe, alikuwa Roma. Mbele ya kanisa dogo aliona farasi na nyumbu wakiletwa mmoja baada ya mwingine, singa na mikia yao imesukwa kwa utepe. Kasisi alikuwa na brashi kubwa. Aliichovya kwenye mapipa ya maji ya baraka akawanyunyizia bila kubania. Waendesha magari ya farasi walileta mishumaa, mabwana wakubwa wakatuma sadaka, ili wanyama wao wa thamani wavuke mwaka salama. Hao ni watu waliokuwa wakiombea mtaji wao.

Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abati. Si Antoni wa Padua, yule tunayemwomba vitu vikipotea. Huyu alikuwa mkaapweke katika jangwa la Misri, akafariki mwaka 356, na wala hakuwa mfugaji. Ameingiaje zizini? Kupitia nguruwe. Ulaya ya karne ya 11 ilisumbuliwa na ugonjwa uliomfanya mtu ahisi viungo vinaungua, kisha vidole vikawa vyeusi na kukatika. Leo tunajua chanzo chake kilikuwa kuvu iliyoota kwenye nafaka iitwayo rai, chakula cha maskini. Wagonjwa walikimbilia kijiji kimoja cha Ufaransa kilichoaminiwa kutunza mifupa ya Antoni, na hapo likazaliwa shirika la watawa wauguzi. Dawa yao ya kupaka ilitengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo walifuga nguruwe wengi. Nguruwe hao waliachwa wazurure mitaani wakiwa na kengele shingoni, kila mtu ajue ni wa nani asiwaguse. Wachoraji wakamchora mtakatifu na nguruwe miguuni pake, na wakulima wakamkabidhi na ng'ombe, punda na kuku.

Sherehe ya Oktoba 4, sikukuu ya Fransisko wa Asizi, ndiyo iliyowavuta watu wa mijini na paka wao. Kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yohane jijini New York limekuwa likiifanya tangu miaka ya 1980, na hata tembo na ngamia wamewahi kuingia ndani. Inapendeza macho. Kwangu mimi, ya Januari ndiyo inayomfaa mfugaji.

Kwa mafundisho ya Kanisa Katoliki, baraka hii ya wanyama si sakramenti, wala mnyama habatizwi. Ni kisakramenti, kama ilivyo baraka ya nyumba au ya shamba. Vitabu vya zamani vya ibada vilikuwa na sala za mifugo wagonjwa, na hata za nyuki. Kitabu cha baraka cha mwaka 1984 kimeendelea kuipa ibada hii nafasi yake. Anaombewa mnyama, lakini anaombewa pia mwenye mnyama, amtumie kwa shukrani. Ndiyo maana Katekisimu inasema kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe. Anayemchapa punda aliyelemewa na mzigo, kisha akampeleka kubarikiwa, hajaelewa alichokwenda kuomba.

Kama kigangoni kwenu padre hufika mara moja kwa mwezi, msikate tamaa: kitabu hicho cha baraka kinamruhusu hata mlei kuongoza ibada hii, kwa sala alizowekewa. Zungumzeni na padre wenu mapema, katekista aandaliwe, na Januari 17 mifugo waletwe uwanjani. Chanjo zao ziwe zimeshakamilika.