Mchezo Uliosahihishwa na Watazamaji

Mtu akitaka kujua mchezo wa kuigiza umewagusa watu kiasi gani, asikae ukumbini akihesabu makofi. Makofi hupigwa hata kwa adabu tu. Na atoke nje, asimame karibu na mlango, awasikilize watu wanapotafuta viatu vya watoto waliolala na kuulizana habari za basi la mwisho. Hapo ndipo mama atakaposema kuwa yule baba wa mchezoni alistahili yaliyompata, na mumewe atakapokataa, nao watabishana hadi nyumbani. Bahati mbaya ni kwamba maneno hayo ya mlangoni, ambayo pengine ndiyo hukumu ya kweli, mara nyingi hayamfikii mtunzi. Yeye huwa amekwisha maliza kazi yake, na wachezaji wamekwisha kariri.

Lakini kuna mchezo mmoja katika Afrika ya Mashariki ambao watazamaji wake hawakungoja mlangoni. Walitoa maoni yao kabla ya pazia kufunguliwa, na maoni hayo yakaingia ndani ya mchezo wenyewe. Mchezo huo ni Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili huitwa Nitaolewa Nikipenda. Ulichezwa mwaka 1977 katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, si mbali na Nairobi.

Kijiji hicho wakati huo kilikuwa cha vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilichokuwa karibu, wakulima wa vipande vidogo vya ardhi, na watu wasio na kazi. Mwaka 1976 yalianzishwa hapo masomo ya watu wazima. Wanafunzi walipojua kusoma na kuandika, wakataka kitu cha kusoma na cha kuchezwa, wakawaomba wasomi wawili waliokuwa miongoni mwao wakiandike. Mmoja alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye riwaya zake za Kiingereza zilikuwa zimekwisha mpa jina kubwa. Wa pili alikuwa Ngũgĩ wa Mirii. Mwongozaji alikuwa Kimani Gecau. Mchezo uliandikwa kwa Kigikuyu, lugha ya wenyeji.

Hadithi yenyewe ni ya nyumba moja. Kiguunda ni kibarua wa tajiri aitwaye Kioi. Ana mke, Wangeci, na binti, Gathoni. Mali yake ni ekari moja na nusu ya ardhi, na hati ya ardhi hiyo ameitundika ukutani. Siku moja Kioi na mkewe wanakuja kuwatembelea. Kijana wa tajiri huyo amekuwa akionekana na Gathoni, basi wazazi wanadhani posa imeingia nyumbani. Kumbe wageni wamekuja na neno jingine: kuwataka Kiguunda na Wangeci, waliokwisha oana kimila miaka mingi iliyopita, wafunge ndoa ya kanisani. Wazee wanaona labda huo ndio mlango wa kumwoza binti yao vizuri. Harusi inataka fedha, fedha zinakopwa benki, na hati inashuka ukutani kuwa dhamana. Baadaye Gathoni anapata mimba, kijana anamkana, Kiguunda anapoteza kazi, na shamba linauzwa. Mnunuzi ni Kioi.

Msomaji anaweza kuona kwa nini hadithi kama hii haikuweza kupita bila maneno. Ni nani asiyemjua mzazi aliyekopa kwa ajili ya harusi kuliko uwezo wake? Mimi mwenyewe nisomapo mchezo huu humlaumu Wangeci kidogo, kwa jinsi anavyovutwa na nguo na heshima ya wakubwa. Kisha najiuliza kama mama anayetaka binti yake aepukane na umaskini anaweza kulaumiwa kwa hilo. Mtunzi anauelekeza mkono wake kwa tajiri na benki, naye ana haki. Hata hivyo maumivu makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yamo katika yale mazungumzo ya nyumbani kabla ya mkopo, pale ambapo mume na mke wanajidanganya wakiwa pamoja.

Mazoezi yalianza mwezi Juni 1977, nayo hayakufichwa. Yalifanywa mahali pa wazi, na aliyetaka kutazama alitazama. Hapo ndipo wasomi walipoanza kufundishwa. Ngũgĩ amesimulia baadaye jinsi wanakijiji walivyomkatiza. Mzee, walisema, hawezi kunena namna hiyo. Kama mnataka watu wamheshimu huyu, mpeni maneno ya mtu mzima. Profesa aliyesifiwa ng'ambo kwa Kiingereza chake akawa mwanafunzi wa lugha ya mama yake, akisahihishwa na watu ambao baadhi yao walikuwa wamejifunza kusoma mwaka uliopita tu.

Wala hawakusahihisha lugha peke yake. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza kazi ilivyo hasa na mshahara ulivyo, wakapiga hesabu ya thamani ya mali wanayoitengeneza kwa siku na kuilinganisha na kile wanachopewa. Wazee walirekebisha nyimbo, ngoma na taratibu za sherehe za ndoa. Waliopigana msituni wakati wa Mau Mau walikuwa na lao la kusema juu ya mambo ya vita vile, kwa kuwa mchezo uliyagusa.

Jukwaa nalo walilijenga wenyewe. Vijana waliupanga mfano wake chini, ardhini, kwa njiti za viberiti, wakatengeneza kielelezo kidogo, kisha wakajenga jukwaa lenye ukuta wa mianzi na mahali pa kukaa watu wapatao 2,000. Sehemu ya watazamaji haikuwa na paa.

Jumapili, Oktoba 2, 1977, mchezo ulifunguliwa rasmi kwa watazamaji waliolipa kiingilio. Watu walitoka mbali, wengine kwa mabasi na teksi za kukodi. Wengi wa wenyeji walikuwa wamekwisha yajua maneno kwa moyo, na raha yao ilikuwa kuona leo mchezaji atayasemaje. Siku moja mvua ilinyesha katikati ya mchezo. Watu wakakimbia kujibanza, mvua ikakatika, wakarudi. Ikanyesha tena, wakajibanza tena. Mchezo ulikatizwa namna hiyo mara kadhaa na watu hawakwenda nyumbani. Sijui sifa gani ya gazetini ingeweza kushinda hiyo.

Maoni ya watazamaji yalionekana pia njiani na dukani. Watu walianza kuitana kwa majina ya wahusika waliowapenda: huyu Kiguunda, yule Gicaamba, ambaye mchezoni ni jirani na mfanyakazi wa kiwandani. Majina ya wahusika wabaya yakawaendea wale ambao kijiji kiliwaona kuwa wakandamizaji.

Bila shaka jambo hilo halikuwafurahisha wote. Walioupinga mchezo walisema unafukua uhasama wa zamani na kuwachonganisha wenye mali na wasio nacho. Hayo nayo ni maoni, na kama yangetolewa palepale kiwanjani, mbele ya wachezaji, pengine yangejibiwa kwa maneno. Hayakutolewa hivyo. Novemba 16, 1977, siku 45 tangu ufunguzi, Mkuu wa Wilaya ya Kiambu aliondoa kibali cha kuucheza, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa umma. Usiku wa kuamkia Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti hadi Desemba 12, 1978. Hakufikishwa mahakamani. Humo gerezani aliandika riwaya kwa Kigikuyu, juu ya karatasi za chooni.

Kijiji hakikunyamaza mara moja. Mapema mwaka 1982 kilitayarisha mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, kwa ajili ya Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa mjini Nairobi. Jumba halikufunguliwa. Wachezaji wakahamia Chuo Kikuu, wakafanya mazoezi mbele ya umati mpaka nako wakazuiwa. Machi 12, 1982, polisi walifika Kamiriithu kwa malori na kulibomoa jukwaa la wanakijiji. Kimani Gecau na Ngũgĩ wa Mirii walihamia Zimbabwe, wakaendelea na kazi hiyo hiyo.

Huku kwetu, katika miaka hiyo hiyo, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kufanya maonyesho pamoja na wanakijiji. Mojawapo ya mambo waliyoyaigiza na kuyajadili lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Gathoni alikuwa na ndugu zake wengi.

Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa Nairobi, kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza, katika Jumba lile lile la Taifa ambalo milango yake ilifungwa mwaka 1982. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado hai wakati huo; alifariki Marekani Mei 28, 2025. Wa Mirii alikuwa amekwisha fariki mwaka 2008. Ukumbini palikuwa na paa, na watu waliotoka usiku ule walibishana nje, mlangoni.