Nyimbo Zilizovuka Bila Kuhesabiwa

Mpakani Tunduma, mkoani Songwe, kila kitu huhesabiwa. Shehena ya mahindi ina hati yake, lori lina uzito wake, na msafiri aelekeaye Nakonde, upande wa Zambia, hugongewa muhuri. Kipo kimoja ambacho tangu zamani huvuka bila kuandikwa popote, nacho ni wimbo.

Huulizwa mara nyingi: katika miaka ya 1970, ni santuri ipi iliyouzwa kuliko zote nchini Tanzania? Uingereza na Marekani swali kama hilo hujibiwa kwa tarakimu, kwani huko orodha za mauzo zilichapishwa kila wiki. Kwetu halina jibu. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi kama NUTA Jazz na Afro 70 zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki maktabani. Aliyetaka santuri aliitazamia Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, hadi mwaka 1983, njia hiyo nayo ikawa finyu.

Basi umaarufu ulipimwa kwa salamu za wasikilizaji redioni na kwa umati wa watu dansini. Vipimo hivyo vilikuwa vya kweli, lakini havikumlipa mtunzi. Yeye aliambulia sifa, na sifa haziinjiki chungu jikoni.

Ndugu zetu wa Visiwani wana mfano mkongwe zaidi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zake zikauzwa kwa maelfu. Tunalijua hilo kwa kuwa kampuni iliweka hesabu. Hata hivyo, daftari lilikuwa mikononi mwa kampuni, si mikononi mwa mwimbaji.

Leo sheria za hakimiliki zipo: ya Bara ya mwaka 1999 na ya Zanzibar ya mwaka 2003. Kilichobaki ni utekelezaji. Hapana budi kila wimbo wa zamani upigwao redioni, hotelini na ndani ya mabasi uandikwe, na kila kanda ya kale ipatiwe majina ya watunzi na wapigaji wake, maadamu wangali hai wanaoweza kuwataja. Serikali iwezayo kuhesabu magunia Tunduma haiwezi kushindwa kuhesabu nyimbo. Warithi wa watunzi wanangoja.