Basi la Ekspresi Huokoa Muda Wapi?

Msafiri wa Kibomet anayekwenda Nairobi hufika kwanza stendi ya Kitale, na hapo hukuta karibu kila gari linajiita ekspresi. Abiria wengi huuliza nauli, wakapanda. Ni wachache wanaouliza gari hilo litaupata wapi huo muda linaouza.

Kutoka Kitale hadi Nairobi ni kama kilomita 380, kupitia Moi's Bridge, Matunda, Soy, Eldoret, Timboroa na Nakuru. Sheria hairuhusu gari la abiria lizidi kilomita 80 kwa saa, na kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zililazimisha magari hayo yafungwe vidhibiti mwendo. Basi ambalo lingeshika 80 tangu mwanzo hadi mwisho lingefika kwa saa 4 na dakika 45. Haliwezi: kuna matuta, miji, malori yanayopanda Timboroa kwa taabu, na msongamano wa kuingia Nairobi. Kwa hiyo muda halali wa kuokoa uko kwenye vituo.

Tazama kituo kimoja tu. Dereva anapunguza mwendo na kutoka barabarani. Kondakta anaruka chini, anafungua buti, gunia la mahindi linavutwa kutoka chini ya mizigo ya wengine. Anayeshuka anadai chenji yake, anayepanda anabishania nauli, kisha dereva anangoja mwanya wa kurudi lami. Tuseme ni dakika 4, na hakuna aliyezembea. Vituo 20 vya namna hiyo vinakula dakika 80. Dereva akitaka kuzifidia kwa kukanyaga mafuta, itambidi aende kama kilomita 110 kwa saa njia nzima ili afike kwa zile saa 4 na dakika 45. Kwa mwendo huo basi lina nishati karibu maradufu ya ile ya kilomita 80, na breki ndizo zinazotakiwa kuimaliza. Kila anayeteremka Salgaa, kabla ya kufika Nakuru, ndani ya basi anastahili kuijua hesabu hii.

Gari linalookota abiria kila steji kisha likakimbia kufidia halistahili kuitwa ekspresi. Ni hatari iliyopakwa rangi.

Muda mwingine hupotea kabla gari halijaondoka. Lile linalongoja lijae linaweza kukuweka stendi saa nzima, tena kuna vijana wanaoketi ndani wakijifanya abiria ili uone limebaki na nafasi mbili tu. Ukishalipa, wanashuka mmoja mmoja. Basi lenye saa maalum ya kuondoka huuza tiketi mapema na huondoka hata kama viti havijajaa. Viti hivyo vitupu, pamoja na abiria walioachwa njiani, vinafidiwa na nauli iliyo juu kidogo. Mimi nauli hiyo naiona ya haki, mradi saa iliyotajwa iheshimiwe.

Hata hivyo, ekspresi haimfai kila mtu. Wa Kitale anapanda gari linapoanzia. Wa Bungoma akisimama Kanduyi, mabasi yanayotoka Malaba na Kampala humfikia yakiwa yameshapakia, na lisilo na kiti linampita. Wa Soy na Matunda naye anahitaji gari linalosimama. Ndiyo maana matatu za kawaida lazima zibaki, na si busara kuzidharau.

Dar es Salaam wametumia kanuni hiyohiyo mjini. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yalipewa njia zake, nauli ikalipwa kituoni kabla ya kupanda, na jukwaa likawekwa usawa wa sakafu ya basi ili watu waingie na kutoka upesi. Muda unaokolewa foleni inapokwepwa na basi linapokaa kidogo kituoni, bila dereva kulazimika kukimbia.

Basi kabla hujatoa pesa Kitale au Bungoma, uliza gari linaondoka saa ngapi na litasimama wapi. Wakisimama Nakuru mle na dereva anyooshe miguu, usinung'unike; mapumziko hayo ni ya usalama wako. Lakini ukiona kidhibiti mwendo kimechezewa na gari linapepea, paza sauti wewe na wenzako, na likifika mji wa karibu, shukeni.