Mizani imepanda kilo mbili baada ya harusi? Hayo si mafuta

Wiki tatu umejikaza. Soda umeacha, chapati umepunguza, asubuhi unatembea mpaka kituoni badala ya kupanda bodaboda. Jumamosi ikaja harusi: pilau, kuku, keki, soda mbili. Jumatatu unapanda kwenye mizani, kilo mbili zimeongezeka. Kazi yote ya wiki tatu imeliwa kwa usiku mmoja.

Au ndivyo inavyoonekana. Wengi wanaoacha safari ya kupunguza mwili huacha siku kama hiyo, na si kwa uvivu. Wameangalia namba wakaiamini, kumbe namba hiyo ilikuwa inapima kitu kingine.

Hesabu yenyewe inakataa

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Ili uongeze kilo mbili za mafuta, unatakiwa ule kalori zaidi ya 15,000 juu ya zile ambazo mwili wako ulizitumia. Kwa mtu mzima wa kawaida hicho ni kama chakula cha wiki nzima, na ungekila kwa siku mbili pamoja na milo yako ya kila siku. Hata yule mjomba anayerudi kwenye foleni ya chakula mara tatu hafiki huko.

Kilichoongezeka kwa sehemu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na kwenye misuli kwa jina la glikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza ugali na wali kwa wiki tatu, ghala hilo linapungua. Sahani ya pilau inalijaza tena, na maji yanarudi nayo. Chumvi ya mchuzi na ya kuku wa kukaanga inashikilia maji mengine. Halafu kuna chakula chenyewe, ambacho kinaweza kuchukua siku nzima au zaidi kabla ya kutoka, kwa hiyo Jumatatu asubuhi sehemu ya uzito huo ni mlo ambao bado uko tumboni. Kwa wanawake, siku zinazokaribia hedhi nazo huongeza maji mwilini hata kama hakuna kilicholiwa cha ziada.

Ukirudi kwenye ulaji wako wa kawaida, mengi ya hayo huondoka yenyewe ndani ya siku chache, kwa kwenda chooni tu. Hakuna haja ya kushinda njaa wala kunywa chai ya kuharisha.

Ukweli huu unauma upande wa pili pia. Wale wanaotangaza kwamba wamepunguza kilo nne wiki ya kwanza, nyingi ya kilo hizo ni maji yaleyale. Ndiyo maana wiki ya tatu namba inaanza kusuasua na mtu anadhani dayati imegoma. Haijagoma. Maji yameisha, sasa ndo zamu ya mafuta, na mafuta hayana haraka.

Ugonjwa wa "potelea mbali"

Tuseme harusini ulikula kalori 1,000 za ziada. Hiyo ni kama gramu 130 za mafuta, kitu ambacho mizani ya nyumbani haiwezi hata kukionyesha vizuri. Hasara kubwa iko kwenye kinachofuata.

Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack wa Marekani waliwapa wanafunzi wa kike milkshake, kisha wakawakaribisha kuonja aiskrimu kadiri walivyotaka. Wanafunzi ambao hawakuwa na habari na dayati, wakishakunywa milkshake walikula aiskrimu kidogo, maana wameshiba. Wale waliokuwa wanajizuia kula walifanya kinyume: wakishakunywa, walikula aiskrimu nyingi zaidi kuliko wenzao wanaojizuia ambao hawakupewa kitu.

Akili yao ilikuwa imeshafanya mahesabu: leo nimeharibu, basi. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Herman na mwenzake Janet Polivy wa Toronto, Canada, waliendelea kuichunguza tabia hii kwa miaka mingi, na jina walilolipa kwa Kiswahili chetu lingekuwa "potelea mbali".

Sisi tuna toleo letu, linaitwa "nitaanza Jumatatu". Mtu akiteleza Jumatano mchana kwa chipsi mayai, anajipa likizo mpaka wiki ijayo. Ukichukulia kwamba kila siku anazidisha kalori 700, kuanzia Jumatano hadi Jumapili ni siku tano, yaani kalori 3,500, karibu nusu kilo ya mafuta halisi. Chipsi mayai ya kwanza haikufanya hivyo. Kilichofanya hivyo ni Jumatatu.

Kwa hiyo muda wa kurudi ni mlo unaofuata. Umekula chipsi mchana, usiku kula kama ulivyopanga, mboga nyingi, maharage au samaki, ugali wa kiasi. Kukwepa kabisa chakula cha usiku ili kujiadhibu ni mtego, kwa sababu saa nne usiku njaa itakuamsha uende kwenye kabati, na hapo hakuna anayepika mchicha.

Mwili nao unapigana

Kuna jambo ambalo matangazo ya vidonge na chai za kupunguza tumbo hayasemi. Mwili ukipungua, hauchukulii kama mafanikio. Unachukulia kama njaa ya mwaka wa ukame.

Watafiti wa Melbourne, Australia, wakiongozwa na Priya Sumithran, walifuatilia watu 50 walioingia kwenye mpango mkali wa kupunguza uzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: mwaka mmoja baada ya kupungua, homoni zinazosukuma njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa mwanzo, na watu wenyewe walikuwa wanasikia njaa zaidi. Mwaka 2016, Kevin Hall na wenzake wa Marekani walitoa ripoti kuhusu washiriki 14 wa shindano la televisheni la The Biggest Loser, miaka sita baada ya shindano. Kwa wastani walikuwa wamepunguza kilo 58 na kurudisha 41, na miili yao ilikuwa inatumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao.

Habari hii inaweza kukatisha tamaa, lakini inamtoa mtu kwenye lawama. Anayesikia njaa kali mwezi wa nne si dhaifu kuliko alivyokuwa mwezi wa kwanza. 

Kidogo kinahesabika

Marekani ulifanyika mpango mkubwa wa kuzuia kisukari uliohusisha watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja liliwekewa malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, hasa kutembea kwa haraka. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kama kilo sita tu. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kisha watu wale walirudisha sehemu ya uzito wao, kama binadamu wengine. Lakini walipopimwa miaka 10 tangu waanze, kisukari kwenye kundi lile kilikuwa bado chini kwa asilimia 34. Hawakubaki na kilo walizotamani na bado walifaidika.

Kuhusu mazoezi uliyoyakosa kwa sababu ya mvua, foleni au mtoto mwenye homa, kuna utafiti mwingine wa kukumbuka. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuwa ya kawaida, wengine siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu mchakato wao.

Kuhusu mizani, usipime huku na huku. Mizani ya kijana anayepita mtaani na spika, saa saba mchana, umevaa viatu na umetoka kula, haiwezi kulinganishwa na ya nyumbani asubuhi kabla ya chai. Chagua moja, saa ileile, na uangalie mwelekeo wa wiki tatu au nne. Wengine mkanda wa suruali unawatosha, na hauna kelele.

"Umekonda, unaumwa?"

Kikwazo ambacho vitabu vya Wazungu havikizungumzii ni shangazi. Umepunguza kilo saba kwa jasho lako, unafika kwenye msiba, anakushika mkono na kuuliza kwa huruma: "Mbona umekonda hivyo mwanangu, una nini?" Kisha anakupakulia wali wa watu wawili, na kuukataa mbele za watu ni kukosa adabu.

Njia inayosaidia ni kuwaambia watu wa nyumbani mapema, tena kwa lugha wanayoikubali. "Daktari kaniambia presha iko juu, nipunguze mafuta na sukari", kama ndivyo ilivyo, inapokelewa vizuri kuliko "niko kwenye dayati". Sahani kubwa unaweza kuipokea kwa mikono miwili, ukashukuru, ukala nusu taratibu na kumgawia mtoto aliyekaa karibu. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mjamzito na anayenyonyesha, wao wamuone daktari kabla ya kubadili ulaji, maana dozi au mahitaji ya mwili yanaweza kuwa tofauti.

Na kuna wakati shangazi ana haki ya kuuliza. Kama kilo zinashuka bila wewe kupunguza chakula wala kufanya mazoezi, na hasa kama kuna kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, kiu kali au kukojoa mara kwa mara, usisherehekee. Nenda hospitali ukapime kifua kikuu na sukari.